Safari ikivunjika India, fedha za abiria ziko mikononi mwa nani?

Kazi yangu kwa miaka kumi sasa imekuwa nauli na marejesho katika ofisi ya wakala wa safari jijini Dar es Salaam: kukokotoa bei ya tiketi, kuibadili mipango ya abiria inapobadilika, na kufuatilia fedha zake safari inapoghairiwa. Kabla ya hapo nilisoma Pune, mji wa jimbo la Maharashtra uliopokea vijana wengi wa Afrika Mashariki, na bado ninarudi India kikazi mara kwa mara. Kwa sababu hiyo watu wanaokwenda huko kwa masomo, biashara au matibabu huniuliza ni tovuti ipi ya kukatia tiketi iliyo nafuu kuliko nyingine. Mimi huanza kwa kuwauliza swali: safari ikivunjika, fedha zako zitakuwa zimekaa kwa nani? Tofauti ya bei kati ya tovuti moja na nyingine kwa kawaida ni ndogo, kwa kuwa zote zinauza viti vilevile. Tofauti kubwa hujitokeza siku ya kudai.

Mwaka 2019 nilikaa asubuhi moja katika duka la huduma za intaneti karibu na stesheni ya Pune, nikimsubiri mwenzangu. Saa tano kasoro dakika kumi waliingia wanaume wanne, mafundi wa ujenzi, mmoja wao akitaka kwenda Danapur, stesheni iliyo jirani na Patna, kwa sababu ya msiba. Alihitaji tiketi ya tatkal, neno la Kihindi lenye maana ya papo hapo. Hilo ni fungu la viti ambalo reli hulizuia hadi siku moja kabla ya treni kuondoka, kisha hulifungua saa nne asubuhi kwa madaraja yenye kiyoyozi na saa tano kwa yasiyo nacho, kwa nauli iliyoongezwa. Mawakala hufungiwa katika dakika za mwanzo ili wasiwatangulie wananchi, kwa hiyo mwenye duka alitumia akaunti ya abiria mwenyewe, akaandika mapema jina, umri na jinsia, kisha akakaa akiitazama saa ya ukutani. Saa tano ilipotimia wakaingia, wakavuka herufi za uthibitisho, wakafika kwenye malipo. Namba ya siri ya mara moja ikaingia kwenye simu ya yule fundi, naye akaisoma kwa sauti, tarakimu moja moja. Benki yake ikakata karibu rupia 900, lakini uthibitisho wake ukachelewa, muda wa malipo ukaisha, na tiketi haikutoka. Kufikia saa tano na dakika nne vitanda vya daraja lile vilikuwa vimekwisha.

Mwenye duka alimweleza kwamba fedha zingerudi zenyewe baada ya siku kadhaa, na alimwambia kweli. Lakini asubuhi ile hiyo ndiyo iliyokuwa nauli yake yote. Wenzake watatu walichanga noti juu ya meza, naye akaenda kupanga foleni ya behewa ambalo viti vyake haviwekewi nafasi, mwanzo wa safari ya zaidi ya siku moja. Tangu hapo nimekuwa mkali ofisini kila ninaposikia marejesho yakitajwa kama kazi ya kumalizia jioni, kwa sababu nilimwona mtu ambaye fedha zake zilikuwepo kwenye hesabu za benki na hazikuwepo mfukoni.

Wahindi walijifunzia kwenye reli kununua safari kwa kompyuta. IRCTC, kampuni ya serikali iliyoundwa mwaka 1999, ilianza kuuza tiketi kwenye intaneti mwaka 2002, na hapo mwanzo tiketi ilichapwa na kupelekwa nyumbani kwa mteja na mjumbe. Hadi leo tovuti au programu yoyote binafsi inayouza tiketi ya treni huichukua kutoka kwake. Treni ikijaa, kwa kawaida mfumo haumkatai mteja. Hupokea nauli yake na kumpa namba katika orodha ya kungoja, na kila wengine wanapoghairi namba hiyo hupungua. Kuna ngazi ya katikati inayoitwa RAC, ambapo abiria ana haki ya kupanda lakini hukaa na mwenzake kwenye kitanda kimoja cha pembeni, hadi mwenye kitanda kingine akose kutokea. Orodha kamili ya abiria hutayarishwa saa chache kabla ya treni kuondoka, na hapo tiketi ya mtandaoni ambayo abiria wake wote bado wanangoja hufutwa yenyewe, nauli ikarudishwa baada ya kukatwa gharama ya ukarani.

Kwa kuwa nauli za treni hupangwa na serikali, kampuni binafsi hazikuwa na bei ya kushindania, zikaanza kuuza uhakika. ConfirmTkt, iliyonunuliwa na kampuni ya safari ya ixigo mwaka 2021, ilijipatia jina kwa kukadiria uwezekano wa namba fulani ya kungoja kuthibitishwa, ikitumia mwenendo wa treni hiyo siku za nyuma. Ninaiheshimu sana kazi hiyo, kwa sababu inamwezesha mtu kuamua mapema kama atafute basi. Baadaye zikaja ahadi za kulipia: mteja huongeza ada, na tiketi yake isipothibitishwa hupewa kiasi kinachozidi nauli. Ahadi hizo nawashauri watu wazisome hadi mstari wa mwisho, kwa kuwa ziada hiyo mara nyingi hutolewa kama punguzo la kununulia safari nyingine kwenye programu ileile, wala haigeuki kuwa fedha taslimu.

Mabasi yana hadithi yake, nami nitaipitia kwa haraka. Mwaka 2005 Phanindra Sama, mhandisi aliyefanya kazi Bengaluru, alikosa basi la kumpeleka Hyderabad kwa sikukuu ya Diwali, baada ya kuzunguka kwa wakala mmoja hadi mwingine. Viti huenda vilikuwepo, lakini kila wakala alikuwa na fungu lake dogo, na hapakuwa na mahali pamoja pa kuviona vyote. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wawili walianzisha redBus, tovuti ya kukatia tiketi za mabasi.

Upande wa ndege ndiko fedha hupita katika mikono mingi zaidi. MakeMyTrip, tovuti ya kuuza safari iliyoanzishwa na Deep Kalra mwaka 2000, ilianza kwa kuwauzia Wahindi walioishi Marekani, watu waliokuwa na kadi za benki na mazoea ya kuzitumia mtandaoni, ikafungua huduma kwa soko la ndani mwaka 2005. Kilichobadilika miaka hiyo ni kuja kwa Air Deccan mwaka 2003, shirika la nauli nafuu la Kapteni G. R. Gopinath, kisha SpiceJet mwaka 2005 na IndiGo mwaka 2006. Mashirika haya yalipunguza kile wakala alichokuwa akilipwa kwa kila tiketi, hivyo tovuti zikahamishia sehemu ya mapato yao kwa abiria kwa njia ya ada ya huduma, ile inayojitokeza kwenye ukurasa wa mwisho wa malipo. Tovuti ya EaseMyTrip ya ndugu wa familia ya Pitti ilipata wateja wake wengi kwa kuacha kutoza ada hiyo.

Wasomaji wengi hawajui kwamba mara nyingi wakala huweka amana kwa shirika la ndege au kwa muuzaji wa jumla, na kila tiketi anayoitoa hukatwa kwenye amana hiyo. Abiria amemlipa wakala, na wakala amelilipa shirika, kwa miamala miwili tofauti. Ndege ikifutwa, shirika hurudisha fedha kwenye amana ya wakala, na kwa hesabu za shirika deni limekwisha. Abiria bado hajapata chochote. Yaliyonipata mimi ni hayo hasa mwaka uleule wa 2019, nilipokata tiketi ya Pune hadi Delhi kwa tovuti moja na safari ikafutwa na shirika. Kwa wiki tano tovuti ilinijibu kwamba inangoja fedha kutoka kwa shirika, na shirika likanijibu kwamba lilikwisha kulipa. Mwishowe nililiomba shirika tarehe na namba ya muamala wa kurudisha fedha, nikaituma kwa tovuti bila kuongeza neno lolote la hasira, na siku ya tatu fedha ziliingia. Nilifanikiwa kwa sababu hii ndiyo kazi yangu ya kila siku. Mtu asiyejua kwamba namba hiyo ipo angeendelea kupigishwa simu.

Kilichonipata mimi peke yangu kiliipata nchi nzima mwaka uliofuata. India ilifunga shughuli tarehe 25 Machi 2020, na ndege za abiria za ndani zikasimama kwa miezi miwili. Mashirika mengi yalitoa salio la kusafiria baadaye badala ya fedha. Pravasi Legal Cell, asasi ya kutetea haki, ikafungua shauri, na tarehe 1 Oktoba 2020 Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi: waliokata tiketi ndani ya kipindi cha kufungwa, kwa ajili ya safari za kipindi hichohicho, warudishiwe fedha zote mara moja, waliokata kabla yake walipwe ndani ya siku 15, na kama shirika limekwama kifedha, wapewe salio linaloweza kutumika hadi tarehe 31 Machi 2021, thamani yake ikiongezeka kila mwezi. Kwa tiketi zilizonunuliwa kupitia wakala, mahakama iliagiza kwamba wakala akishapokea, ampitishie abiria papo hapo.

Agizo lilikuwa wazi, lakini utekelezaji wake ulichukua miaka. Mwaka 2021 kampuni ya Yatra, nayo muuzaji wa safari mtandaoni, ilikuwa bado na marejesho ya rupia zipatazo milioni 262, na kufikia Juni 2024 zilikuwa zimebaki rupia zipatazo milioni 25. Mamlaka Kuu ya Ulinzi wa Walaji iliiagiza kampuni hiyo igharamie watumishi watano katika kituo cha taifa cha simu za walaji, kazi yao ikiwa kuwapigia abiria waliobaki na kuwajulisha kwamba fedha zao zipo. Mimi naliona agizo hilo kuwa la busara kuliko faini, kwa sababu aliyekwisha kukata tamaa hafungui tena barua pepe za kampuni.

Hotelini mvutano ni wa aina nyingine, kati ya tovuti na mwenye hoteli. Oktoba 2022 Tume ya Ushindani ya India iliitoza MakeMyTrip pamoja na Goibibo, tovuti ya kundi lilelile, faini ya rupia bilioni 2.23, na OYO, kampuni ya mtandao wa hoteli, rupia bilioni 1.69, baada ya malalamiko ya chama cha wenye hoteli na migahawa. Moja ya hoja ilikuwa mikataba iliyomzuia mwenye hoteli kuuza chumba kwa bei ya chini mahali pengine. Kampuni hizo zilikata rufaa. Na tangu tarehe 30 Novemba 2023 serikali imetaja aina 13 za hila za ukurasani zilizokatazwa, zikiwemo kumharakisha mteja kwa uongo kwamba vyumba vinakwisha, na kumwingizia kikapuni bima au mchango ambao hakuuomba.

Nirudi kwa watu wetu. Wengi wanaoniandikia wanamsindikiza mgonjwa Chennai, Delhi au Vellore. Anayekwenda Vellore kwa treni kutoka Chennai kwa kawaida hushuka Katpadi, na asipolijua jina hilo anaweza kudhani kwamba treni ni chache. Tatizo kubwa zaidi ni malipo, kwa kuwa UPI, njia ya kulipa kwa simu iliyozinduliwa mwaka 2016 na kuenea hadi kwa wauza mboga, kwa mgeni aliyetoka hapa na laini na kadi ya nyumbani si rahisi kuitumia. Hivyo hulipiwa na mhudumu wa nyumba ya wageni, naye hukabidhiwa noti mkononi. Mama mmoja aliyekuwa akimuuguza mumewe alifanya hivyo. Tiketi yao ilibaki kwenye orodha ya kungoja, ikafutwa usiku, na nauli ikarudi kwenye akaunti iliyolipa, yaani ya yule mhudumu, wakati wao walikwisha kuondoka kwa teksi. Mhudumu alikuwa mwaminifu na alitaka kuirudisha, lakini hakuwa na namba yao, nao hawakulijua jina lake kamili. Tuliipata baada ya siku kumi na moja kupitia kitabu cha wageni. Kwa hiyo kila ninayemwelekeza sasa namwomba apige picha ya skrini ya malipo, aandike jina na simu ya aliyelipa, na amwachie namba ya WhatsApp ambayo haitabadilika hadi atakaporudi nyumbani.