Kumtambua Mungu katika siku ya kawaida

"Mchungaji, Mungu ananiambia nini kwa jambo hili?" Katika kazi yangu ya kuwalea Wakristo kiroho hapa Mombasa, sijui swali ninaloletewa zaidi ya hilo. Simu imeibwa Mwembe Tayari, mtoto amekosa nafasi chuoni, mama ameota yuko katikati ya maji. Anayeuliza anataka fumbo lifumbuliwe, na alifumbue mchungaji.

Kiu yake ni ya kweli. Anataka kujua kwamba Mungu yupo katika Jumatatu yake kama alivyokuwa katika Jumapili yake. Hata hivyo, kuyasoma maisha kama mtu anayepiga ramli si imani ya Kikristo, na hilo nalisema bila kumung'unya maneno. Katika Luka 13, Yesu anawakumbusha watu habari ya mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu 18. Anawauliza kama wale walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu, kisha anajibu mwenyewe: sivyo. Hakuwapa tafsiri ya mnara. Aliwageuza wayatazame maisha yao wenyewe. Basi aliyeibiwa simu kaibiwa na mwizi. Mimi humuuliza mengine. Nani alikushika mkono siku ile? Hasira ilikupanda wapi, na ilishuka vipi? Usiku ulipolala, ulimwombea nani?

Sura ninayorudia sana kwa jambo hili ni Yohana 21. Petro na wenzake wamerudi baharini, usiku kucha nyavu tupu. Mvuvi yeyote wa Likoni anaujua usiku wa namna hiyo, na anajua ukimya wa chombo kinaporudi bila kitu. Alfajiri kuna mtu amesimama ufukweni wala hawamtambui. Anawaambia watupe jarife upande wa kuume, wanavua samaki 153, na wanaposhuka pwani wanakuta moto wa makaa, na samaki juu yake, na mkate. "Njoni mfungue kinywa," anawaambia. Aliyeshinda mauti anawaandalia watu chamshakinywa!

Tusiyapite haraka makaa hayo. Moto wa makaa katika Injili ya Yohana unatajwa mara mbili tu. Mara ya kwanza ni katika ua wa kuhani mkuu, sura ya 18, Petro anaota moto na watumishi huku akimkana Bwana wake. Mara ya pili ni hapa. Mnajua jinsi moshi unavyomrudisha mtu mahali. Naamini Petro alipokanyaga ule mchanga alikirudia kile kitu alichokuwa akikikimbia. Na hapo hapo, wamekwisha kula, ndipo anapoulizwa mara tatu kama anampenda Yesu. Bwana aliligusa jeraha lake kwa moto, samaki na mkate, vitu ambavyo Petro alivishika kila siku ya maisha yake. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba jiko la makaa la Kisauni au la Changamwe ni mahali pasipo na Mungu.

Tatizo letu ni kwamba mara nyingi hatutambui hadi jambo limeshapita. Yakobo aliamka usingizini ndipo akasema, "Kweli BWANA yupo mahali hapa, wala mimi sikujua." Kwa hiyo ninachofundisha ni kutazama nyuma. Chanzo cha zoezi hili ni Ignasi wa Loyola, askari wa Kihispania aliyevunjwa mguu na mzinga huko Pamplona mwaka 1521. Akiwa kitandani aliona jambo dogo: akiota sifa za vitani na za mabibi wa kifalme alifurahi, lakini baadaye moyo ukabaki mkavu; bali akimwaza Kristo na watakatifu, furaha ilibaki. Kutokana na kuangalia hivyo akawafundisha wenzake kuipitia siku yao mbele za Mungu. Mmoja wa wenzake hao, Fransisko Ksaveri, alitia nanga Malindi mwaka 1542 akielekea India, kwa hiyo njia hii si ngeni kabisa katika pwani yetu.

Zoezi lenyewe ni jepesi. Jioni unashukuru kwanza, kwa kitu kinachotajika kwa jina. Unaomba nuru. Unaipitia siku tangu ulipoamka, ukiuliza ni wapi upendo uliongezeka na wapi ulipungua. Unatubu palipo pa kutubu, unaiweka kesho mikononi mwa Bwana. Robo saa yatosha, hata ndani ya matatu ya Bamburi kwenye foleni.

Mama mmoja anayeuza mahamri Mishomoroni ameniruhusu nisimulie lake bila jina. Unga anaukanda usiku, iliki na tui la nazi, anaufunika. Alfajiri anausukuma, anaukata pembe pembe, na kila anapotumbukiza hamri kwenye karai anataja mtu mmoja mbele za Mungu hadi livimbe aligeuze. Kwa muda mrefu alidhani hiyo ndiyo sala yake yote. Alipoanza kuipitia siku jioni, aligundua kwamba jina lililokuwa likimrudia ni la jirani yake Mwislamu, aliyemwazima mtungi wa gesi, wa kwake ulipoisha, na ambaye yeye hakuwa amemtembelea tangu jirani huyo afiwe. Kesho yake akaenda kumpa pole. Mimi naliita hilo jibu la sala.

Wanaopita Nyali kila siku nawapa kazi nyingine. Kondakta akiita "Kengeleni!", kumbuka kengele yenyewe. Iliwekwa Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa na wamisheni miaka ya 1870, na ililia kuwaonya watu kwamba wakamataji wa watumwa wanakuja. Ukipita hapo, mwombee mmoja ambaye leo hayuko huru: aliyefungwa na deni, na unga wa kulevya, au na mwajiri huko Ghuba aliyemnyang'anya pasipoti.

Kuna siku utaitazama yote usione kitu. Msiba ukiwa mbichi, simwambii mtu atafute baraka. Tunasoma Zaburi ya 88, ambayo inaanza kwa kilio na kumalizika gizani, na tunakaa.

Na kwa siku kama hizo Ignasi ana shauri ambalo nalishika sana: moyo ukiwa umekauka, usibadilishe uamuzi ulioufanya ukiwa na amani. Mwezi uliopita kijana wa bandarini alinijia akitaka kuacha kazi na kwaya kwa mpigo. Nilimwomba aendelee kuipitia siku yake kila jioni na aache maamuzi yote mawili kwanza. Bado yuko kazini, anaimba besi, na tutayazungumza tena baada ya Pasaka.