Filimbi moja uwanjani: dhana potofu kuhusu kuchezesha kikapu cha vijana peke yako

Refa wa pili akikosa basi kutoka Muheza, mechi ya vijana mjini Tanga haiahirishwi. Watoto wameshavaa jezi, wazazi wameshakaa chini ya mwembe, na mwenye filimbi ni mmoja. Hapo ndipo ushauri unapomiminika kutoka kila upande wa uwanja, na sehemu kubwa ya ushauri huo ni makosa.

“Mechi ya refa mmoja si halali”

Kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, zinataka refa mkuu na msaidizi mmoja au wawili. Lakini kanuni hizohizo zinasema refa akiumia, au akashindwa kuendelea na kazi ndani ya dakika 5, mchezo unarudi na waliobaki wanachezesha bila yeye, isipokuwa kama kuna mbadala mwenye sifa. Kwa hiyo hali hii inajulikana. Kuanza mechi ukiwa mmoja tangu mwanzo ni uamuzi wa mwandaaji wa mashindano, na makocha wote wawili waambiwe kabla ya mpira kurushwa. Wakiambiwa robo ya tatu, timu moja ikiwa nyuma kwa pointi 12, hakuna atakayekuelewa.

“Refa mmoja akimbie mara mbili”

Dhana hii ndiyo inayowamaliza marefa wengi kabla ya mapumziko. Wakiwa wawili, mmoja hukaa mstari wa mwisho chini ya goli na mwingine hubaki nyuma ya mashambulizi. Ukiwa mmoja ukataka kufanya kazi zote mbili, utachelewa kote. Uwanja una mita 28. Ukiwa umezama chini ya goli, mpira ukaporwa, kijana wa miaka 14 atakuacha kabla hujageuka.

Usishuke hadi mstari wa mwisho katika mchezo wa kawaida. Makazi yako ni usawa wa mstari wa mitupo huru, mita mbili au tatu ndani ya mstari wa pembeni. Mpira ukienda upande wa mbali, ingia hatua tatu nne kuelekea katikati. Ukirudi upande wako, rudi nje uwape wachezaji nafasi. Unachotafuta siku zote ni uwazi kati ya mshambuliaji na mlinzi wake. Ukisimama nyuma ya mgongo wa mshambuliaji unaona namba ya jezi tu, hata kama uko mita moja. Hatua mbili kando zinakuonyesha mkono uliopiga kiwiko. Pembe nzuri ukiwa mita 6 inashinda ukaribu wenye pembe mbaya.

Mtupo ukitoka mkononi, shuka hatua mbili uone misukumo ya ribaundi, yaani kugombea mpira uliokosa goli, halafu subiri. Mpira ukishatulia mikononi mwa mlinzi, ndipo ugeuke uondoke. Likizuka shambulizi la kasi, usilifuate kwa nyuma moja kwa moja. Kimbia kwa kuchepukia pembeni ili uone mwili wa mlinzi unagusa wapi.

Upande wa kukimbilia uuchague mapema: ule unaokabili meza. Mabenchi yako upande wa meza, hivyo meza na makocha wote wanakuwa mbele ya macho yako. Kwenye uwanja wa wazi unaolala kaskazini na kusini, weka meza mashariki. Mechi za saa 10 alasiri humalizika jua likiwa chini magharibi, na jua hilo litakuwa mgongoni mwako. Wa mezani ndio watakaolikabili, kwa hiyo wapatie mwavuli au kofia, la sivyo robo ya nne itaandikwa kwa macho yaliyofumbwa.

Kabla ya yote hayo, fagia. Upepo, uwe wa kaskazi au wa kusi, humwaga mchanga mwembamba juu ya saruji, na mchanga huo huzaa miteleko inayofanana na makosa. Mchezaji aliyeteleza hadi chini akiwa na mpira hajafanya kosa. Kosa ni kujiviringisha au kujaribu kusimama akiwa bado ameushika.

“Macho yasiondoke kwenye mpira”

Mtoto anayedunda mpira mita 8 kutoka golini, bila mlinzi karibu, hana faulo ya kufanyiwa. Wakati huo huo warefu wawili chini ya goli wanavutana jezi, na hapo ndipo ugomvi wa robo ya tatu unapopandwa. Mpira ukiwa salama, angalia ambako hauko. Mwenye mpira akibanwa na mlinzi, rudi kwa hao wawili.

Mtupo wa mbali una mpangilio wake. Kwanza miguu: iko nje ya mstari wa pointi tatu? Inua mkono wenye vidole vitatu mara mpira unapotoka. Kisha mikono ya mlinzi. Kisha miguu tena, hadi mtupaji atue, kwa sababu mlinzi anayejiingiza chini ya aliye hewani ndiye anayevunja vifundo vya watu. Usiusindikize mpira hadi kwenye ringi. Kelele za watoto zitakuambia kama umeingia. Kosa la kuugusa mpira unaoshukia ringi ya mita 3.05 ni jambo adimu kwa umri huu.

“Mezani wanaandika pointi tu”

Ukiwa peke yako, meza ndiyo nusu ya uamuzi wako. FIBA inaweka watu 4 mezani. Kwenye mechi ya vijana ukipata wawili makini, shukuru. Kanuni zinakupa mamlaka uwanjani kuanzia dakika 20 kabla ya mchezo, na sehemu nzuri ya dakika hizo itumie kwao.

Mtunza muda aelewe kwamba kwenye mpira wa kuanzia saa huanza mchezaji anapougusa kihalali, siyo unapotoka mkononi mwako. Kama saa ni simu, iwekwe hali ya ndege: simu ikiita katikati ya robo, muda umepotea na hakuna wa kuurudisha. Yeye pia ndiye anayetoa ishara ya sauti kwa ajili ya mabadiliko ya wachezaji, mpira ukiwa umekufa na saa imesimama. Mwandishi ahesabu faulo za timu kwa kila robo na aonyeshe alama timu inapofikisha 4, kwa kuwa kuanzia ya tano, faulo ya kujilinda inaleta mitupo huru miwili hata kama hakuna aliyekuwa akitupa.

Kisha kuna mshale wa umiliki, unaoonyesha timu itakayopewa mpira wenye utata unaofuata; unaweza kuwa kipande cha katoni. Timu isiyopata mpira wa kwanza ndiyo inayoupata mshale. Hugeuzwa mpira wa kurusha uliotolewa kwa mshale unapomgusa mchezaji uwanjani, wala si refa anapompa mrushaji, na hapo ndipo meza nyingi zinapokosea. Mapumzikoni timu zinabadilishana magoli, hivyo mshale nao uelekezwe upya.

Saa ya sekunde 24 isipokuwepo, kubalianeni kabla kwamba haihesabiwi. Kukisia sekunde kichwani huku unatazama faulo ni kujitafutia lawama za bure.

“Ukiwa mmoja, acha mchezo uende”

Hapana. Dakika 3 za kwanza ndizo zinazopanga mechi. Mkono unaoshika, kiuno kinachosukuma, kiwiko kinachopanuliwa kwenye ribaundi: zipige mapema, kwa namna ileile pande zote mbili, na watoto watarekebika wenyewe. Ukiziacha, robo ya nne utapiga filimbi kila sekunde kumi. Mguso mdogo usiomwondolea mtu nafasi wala mpira ndio wa kuuacha.

Na kuna kinachopigwa kupita kiasi: kutembea na mpira mkononi. Tangu 2017 kanuni za FIBA zinasema mchezaji aliye mwendoni akiudaka mpira, au akimaliza kudunda, mguu ulio chini wakati anaumiliki hauhesabiki. Unaofuata ndio hatua ya kwanza, kisha ya pili. Kwa jicho la mzazi zinaonekana hatua tatu, na jukwaa zima litapiga kelele. Liache lipige.

“Usipoona, kata kwa ujasiri”

Mpira umetoka mstari wa mbali, wachezaji wanne wameufunika, hukuona mkono wa mwisho. Ujasiri wa kubahatisha hauna thamani hapa, kwa sababu kanuni ina jibu: refa akiwa na shaka nani aliugusa mwisho, inakuwa sawa na mpira ulioshikwa na wawili, na mshale ndio unaoamua. Onyesha dole gumba mbili juu, tazama meza, endelea. Usilifanye zoea, maana makocha watajua huoni upande ule.

Mipira ya kurusha nayo isikuchoshe. Si lazima umkabidhi mrushaji mkononi. Unaweza kumdundia, mradi umbali usizidi mita 4, awe mahali sahihi na timu yake isipate faida. Dundia kutokea ndani, ubaki unawaona wengine.

“Ukipiga faulo kimbilia mezani”

Ukikimbia, umewapa mgongo watoto kumi katika sekunde mbaya kuliko zote. Inua ngumi, simama pumzi moja ulipo, hakikisha hakuna anayemrudishia mwenzake. Halafu sogea kinyumenyume au kimshazari hadi mwandishi akuone, ukiwa bado unawatazama wachezaji. Jezi namba 24 huonyeshwa kwa mara mbili: vidole viwili ukielekeza nyuma ya mkono mezani, kisha vinne kwa kiganja. Taja aina ya faulo, elekeza kinachofuata, basi. Hotuba haihitajiki, na kocha atakayeitaka asubiri mpira ufe; ni kocha mkuu peke yake anayeruhusiwa kuzungumza nawe.

Kwenye mitupo huru, mpe mpira mtupaji kisha toka pembeni, katikati ya ringi na mstari, uone mikono yake na foleni iliyo jirani. Kwenye foleni wanakaa watano tu: walinzi watatu, washambuliaji wawili. Waliobaki warudi nyuma ya mstari wa pointi tatu.

“Filimbi ya mwisho ikilia, umemaliza”

Bado. Simama karibu na meza timu zinapopeana mikono. Kisha linganisha pointi za mfululizo na jumla ya kila robo, na faulo za kila mchezaji, hasa aliyefikisha 5. Sahihi yako kwenye karatasi ndiyo inayofunga kazi yako na mchezo huo. Ukishaitia, kosa la hesabu haliko tena mikononi mwako.