Kuichunguza protini moja moja kwa umeme

Protini ni mnyororo wa asidi amino uliojikunja, na umbo unalopata ndilo linaloamua kazi yake mwilini. Badiliko la asidi amino moja tu katika hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, linatosha kuleta ugonjwa wa selimundu.

Mwaka 1958 John Kendrew na wenzake walionyesha umbo la mayoglobini, protini ya misuli, kwa kutumia eksirei, na tangu hapo tumepata picha za protini nyingi mno. Picha hizo ni hazina. Hata hivyo, hutokana na molekuli nyingi mno zilizojipanga ndani ya fuwele, hivyo tunachokiona ni wastani wake. Protini iliyo kazini haitulii.

Ndiyo maana vihisi vya umeme vya kiwango cha nanomita, yaani sehemu ya bilioni ya mita, vina thamani kubwa. Utando wenye tundu la upana wa nanomita chache huwekwa kati ya maji ya chumvi, kisha hutiwa volti ndogo. Ayoni, yaani chembe za chumvi zenye chaji ya umeme, zinapopita tunduni huzaa mkondo hafifu unaopimwa kwa pikoampia, yaani sehemu ya trilioni ya ampia. Protini ikiingia, huziba njia kiasi na mkondo hushuka. Kadiri unavyoshuka tunajua ukubwa wake, na jinsi unavyotikisika protini inapogeukageuka humo hudokeza kama ni ya mviringo au ndefu. Mahali ilipo kila atomu hatupajui kwa njia hii. Kwa hilo bado tunahitaji eksirei na hadubini za elektroni.

Mwaka 1996 matundu haya yalipitisha nyuzi za DNA na RNA. Protini ni kazi ngumu zaidi, kwa kuwa chaji zake ni mchanganyiko, za chanya na hasi, na umeme hauivuti kirahisi upande mmoja.

Kihisi kingine hakina tundu kabisa. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, waliibandika molekuli moja ya lisozaimu, kimeng'enya kinachopatikana hata katika machozi, juu ya mrija wa kaboni wa nanomita unaopitisha umeme. Kila ilipojifunga na kujifungua, mkondo ulibadilika. Ilipokuwa ikikata kuta za bakteria ilikwenda polepole, takriban mara 15 kwa sekunde. Wakati mwingine ilijifunga na kujifungua kama mara 300 kwa sekunde bila kukata chochote. Mwendo huo wa pili usingeonekana katika wastani wa mamilioni ya molekuli.