Roboti haijafa, umeifunga vibaya: dhana potofu kuhusu laibrari za tepu

Nikiwaambia watu hapa Dodoma kwamba wiki hii nasimika laibrari ya tepu, yaani mashine ya kutunza data za kompyuta kwenye kaseti, cha kwanza wanacheka. Jamaa mmoja pale Area C aliniuliza kama bado nazungusha kaseti kwa kalamu ya Bic. Kwaiyo tuanzie hapo.

"Tepu ni teknolojia ya kizamani." Jina tu ndo la kizamani. LTO-9, kizazi cha tisa cha tepu za LTO, ilitoka 2021, kaseti moja inaenea kiganjani na inabeba terabaiti (TB) 18 bila kubana data, ndani kuna utepe wa zaidi ya kilomita moja. Laibrari ni kabati lenye kaseti hizo kwenye magazini (trei za kupangia kaseti), draivu za kusoma na kuandika tepu kwa nyuma, na roboti inayopita katikati kuchukua kaseti na kuipeleka kwenye draivu. Basi.

"Kazi ngumu ni roboti." Hii ndo inayonikera zaidi, maana roboti inakuja imeshaunganishwa kiwandani, we hata huigusi sana. Ngumu ni vyuma ambavyo kila mtu anavidharau: reki (fremu ya chuma inayobeba mashine), reli na kupanga moduli, yaani vipande vya laibrari vinavyobebana. Reki ina matundu matatu kwa kila U moja (kipimo cha kimo kwenye reki), na U moja ni milimita 44.45, sasa ukikosea tundu moja tu, mbele umefunga tundu la kati nyuma umefunga la chini, tayari mashine imelala zaidi ya sentimita moja na kwa macho huoni kitu. Mimi yalinikuta, tulifunga moduli mbili zimebebana, tukawasha, roboti ikatembea vizuri moduli ya chini, kufika kwenye maungio inagonga, tak, inarudi, tak, inarudi, alafu kioo kinaandika hitilafu. Dogo niliyekuwa naye akasema roboti mbovu turudishe. Nikaenda kuazima pima maji kwa fundi vigae aliyekuwa korido, nikaiweka juu ya mashine, kile kipovu kikakimbilia upande mmoja chote. Tulifungua reli ya nyuma, tukahesabu matundu upya kutoka chini, tukabana kile kifungio cha kulinganisha moduli (tulikuwa tumekisahau pia, nakiri), na roboti ile ile "mbovu" ikapanda mpaka juu bila kelele. Gia yake inapanda kwenye meno, meno ya moduli mbili yasipokutana itapitaje?

"Mzigo umefika salama toka Dar, washa tu." Hapana mkuu. Roboti inafungwa na kufuli ya usafiri isirukeruke kwenye lori, usipoitoa kabla ya kuwasha mota inavuta kitu kilichofungwa. Itoe alafu itunze, siku ya kuhamisha mashine utaitafuta. Na kaseti nazo ziache chumbani kama saa 24 zizoee hali ya hewa kabla ya kuzitumia.

"Reli ikilia paka grisi." Usithubutu! Hiyo sio geti. Grisi na vumbi letu hili la Dodoma ukivichanganya unapata tope, na linaganda kwenye meno ya gia. Kama maelekezo ya mashine hayajasema paka, usipake.

"Vumbi puliza na blowa." Unalisukuma ndani ya draivu, basi. Mafundi wakiwa bado wanatoboa kuta, acha mashine kwenye boksi, na ugombane na anayetaka ifungwe leo leo. Usafi wa hedi, kile kichwa cha draivu kinachosoma tepu, una kaseti yake maalum na draivu yenyewe inaiomba ikihitaji, sio kila Ijumaa kama kudeki, maana kaseti hiyo inatumika kama mara 50 tu. Pia kiangazi hewa huku inakauka, ukishika mlango wa chuma unakupiga shoti, kwaiyo vaa mkanda wa esidi (ESD, wa kuondoa umeme tuli mwilini) mkononi kabla ya kushika draivu.

Stika ya barkodi naiongelea kidogo tu: ina nafasi yake kwenye kaseti, ikitokeza nje inabanduka na kukwama ndani.

Ya mwisho, "imekwama, zima." Kaseti mpya ya LTO-9 ikiingia kwenye draivu mara ya kwanza, draivu inaipima na kuirekebisha yenyewe, inaweza kuchukua mpaka saa mbili. Dogo alishashika waya wa umeme dakika ya ishirini. Nikamwambia aache, tukaenda kula ugali na mlenda, tuliporudi kioo kilikuwa kimeandika tayari.