Yanayosemwa kuhusu tiba shufaa, na yanayoonyeshwa na utafiti

Kuna sentensi moja ambayo daktari akiitamka, chumba kizima hunyamaza: "Nadhani sasa tuwaite watu wa tiba shufaa." Mke humtazama mume, mtoto hutoka nje kupiga simu, na mgonjwa mwenyewe hugeukia ukutani. Walichosikia wote ni kwamba hakuna tena la kufanya. Mara nyingi daktari alikuwa na maana tofauti kabisa: yapo mengi ya kufanya ambayo bado hayajafanywa. Tiba shufaa ni huduma ya kumpunguzia mgonjwa mateso ya ugonjwa mzito.

Woga huo una nguvu kuliko tunavyodhani. Mwaka 2007 kituo kikubwa cha saratani cha MD Anderson, Houston, kiliacha kuiita huduma yake "tiba shufaa" na kuiita "huduma saidizi". Idadi ya wagonjwa walioelekezwa huko ikapanda kwa 41%. Kazi ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kibao cha mlangoni. Nikiwaza wale wote ambao neno tu liliwazuia kupata nafuu, roho huniuma, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

"Hiyo ni ya mtu anayekata roho"

Hapa ndipo dhana nyingine zote zinapozaliwa. Tiba shufaa hushughulika na maumivu, kichefuchefu, kubanwa pumzi, kukosa usingizi, hofu, na uchovu wa wanaouguza. Inaweza kuanza wiki ileile ugonjwa mzito unapogunduliwa, huku mionzi au dawa za saratani zikiendelea kama kawaida. Mgonjwa haambiwi achague moja.

Utafiti uliotikisa fani hii ulichapishwa mwaka 2010. Jennifer Temel na wenzake, katika Hospitali Kuu ya Massachusetts, waliwachukua wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa, wakawagawa kwa bahati nasibu. Wote walipata matibabu ya kawaida ya saratani. Kundi moja lilianza pia kuonana na timu ya shufaa tangu mapema. Baada ya wiki 12, dalili za sonona zilikuwa kwa 16% ya kundi hilo, na kwa 38% ya wenzao. Karibu na mwisho, wachache zaidi miongoni mwao walipitishwa kwenye matibabu makali. Hata hivyo ndio walioishi zaidi: wastani wa kati ulikuwa miezi 11.6, dhidi ya 8.9.

Matokeo hayo yalishangiliwa, na katika kushangilia ikazaliwa dhana nyingine, safari hii kwetu sisi tunaoipenda huduma hii: kwamba shufaa hurefusha maisha. Mapitio ya mwaka 2016 yaliyokusanya majaribio 43, yenye wagonjwa zaidi ya 12,000, yalikuta wanaopata shufaa wana nafuu ya dalili na maisha yenye ubora zaidi, lakini hayakukuta tofauti katika urefu wa maisha. Kwa hiyo tusimwahidi mtu miezi ya ziada. Tumwambie kwamba haitampunguzia siku zake, na kwamba siku hizo zina nafasi nzuri ya kuwa nyepesi. Kwangu mimi hilo linatosha, na nadhani kwa mgonjwa aliyekesha akigugumia linatosha zaidi.

Wapo wanaosema basi ni ya saratani peke yake. La. Moyo ulioshindwa kusukuma damu, mapafu yaliyochakaa, figo, ugonjwa wa kusahau, vyote vina mateso yake. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2024 liliwahusu wagonjwa 306 wa moyo na mapafu. Muuguzi na mtaalamu wa ustawi wa jamii waliwapigia simu mara kwa mara, mmoja akifuatilia dalili, mwingine akizungumza nao juu ya huzuni na namna ya kuishi na ugonjwa. Baada ya miezi sita walikuwa na hali bora kuliko waliopata huduma ya kawaida. Simu tu, na watu wawili wanaojua kusikiliza.

Mwaka huohuo jaribio jingine, la wagonjwa 1,250 wa saratani ya mapafu katika vituo 22, lilionyesha kwamba kuonana na timu ya shufaa kwa video kulileta matokeo sawa na kuonana ana kwa ana. Nayataja haya kwa sababu Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 56.8 wanahitaji huduma hii kila mwaka, na ni kama 14% tu wanaoipata. Wengi wao hawatafika kamwe mlangoni pa mtaalamu.

"Akianzishiwa mofini, ndiyo basi tena"

Hili limewafanya watu wengi kuteseka bila sababu, kwa hiyo nitakaa nalo.

Mofini ni dawa kali ya maumivu. Ile ya kunywa ni maji machungu yanayopimwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Mgonjwa anayeanza hupewa kiasi kidogo kila baada ya saa nne, mchana na usiku, kabla maumivu hayajarudi kwa kishindo. Dozi ya kulalia mara nyingi huwa maradufu ili asiamshwe usiku wa manane. Kesho yake muuguzi huuliza: umelala? Maumivu yalirudi saa ngapi? Uliongeza mara ngapi katikati? Kwa majibu hayo dozi hupandishwa kidogo kidogo. Pamoja na mofini huandikwa dawa ya kulainisha choo, kwa kuwa mofini hufunga choo na tatizo hilo haliishi lenyewe kama unavyoisha usingizi wa siku za mwanzo. Ukiona mofini imetolewa bila dawa ya choo, uliza.

Ikitumika kwa mpangilio huo, je, inaua? Uchunguzi wa wagonjwa 725 wa hospisi, yaani huduma ya walio karibu na mwisho wa maisha, uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta kiasi cha dawa za jamii ya mofini kina uhusiano mdogo mno na muda ambao mtu aliishi. Kinachowachanganya watu ni mfuatano wa mambo. Mgonjwa alikuwa anaelekea mwisho, maumivu yakazidi, dozi ikapandishwa, akafariki. Macho yakashika bomba la dawa, yakausahau ugonjwa. Zaidi ya hapo, akicheleweshewa mofini hadi siku mbili za mwisho, lazima mofini na kifo vionekane vimekuja pamoja. Kuchelewa kwetu wenyewe ndiko kunakoitengeneza dhana hii kila siku upya.

Na uraibu? Mwili huzoea mofini, ndiyo maana haikatizwi ghafla, hupunguzwa hatua kwa hatua. Uraibu ni jambo jingine: mtu kuitamani dawa na kuitafuta hata inapomharibia maisha. Anayeomba dozi kwa sababu mfupa unamuuma anaomba nafuu. Zipo nchi zilizoamini kwamba dawa hii inaweza kutumika salama hata nje ya hospitali kubwa. Uganda, kwa mfano, ilibadilisha kanuni zake mwaka 2004 ili wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu waruhusiwe kuiandika. Lakini tazama dunia nzima ilivyo. Tume ya jarida la Lancet ilionyesha mwaka 2017 kwamba katika tani 298.5 za dawa za jamii hii zilizosambazwa kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1. Woga, sheria na umaskini vimeshikana mikono, na anayelia ni mtu mwenye uvimbe kwenye uti wa mgongo.

Hata hivyo mofini si dawa ya kila kitu. Kwa miaka mingi wataalamu wenyewe waliamini kwamba dozi ndogo humpunguzia mtu mwenye ugonjwa sugu wa mapafu ile hisia ya kubanwa pumzi. Jaribio la Australia la mwaka 2022 liliwapa watu 156 mofini ya kutoka polepole au kidonge kisicho na dawa, na mofini haikuwaondolea kubanwa kule. Waliokuwa wakiiandika walikuwa na nia njema, na walikosea. Naiheshimu fani inayojipima hivyo.

"Anahema, mletee oksijeni"

Mtu anayetweta anatisha kumtazama, na mtungi wa oksijeni huwatuliza walio chumbani. Kama damu yake kweli ina upungufu wa oksijeni, apewe. Lakini wengi wanaobanwa pumzi mwishoni mwa ugonjwa wana oksijeni ya kutosha. Mwaka 2010 wagonjwa 239 wa aina hiyo walipewa, bila kujua ni kipi, ama oksijeni ama hewa ya kawaida kupitia mirija ya puani. Makundi yote mawili yalipata nafuu kidogo, na oksijeni haikuishinda hewa ya kawaida.

Mwaka huohuo jaribio dogo la watu 50 lilijaribu feni ndogo ya mkononi. Ukiielekeza usoni, upepo ukapita kwenye mashavu, pua na mdomo wa juu, ile hisia ya kukosa pumzi hupungua. Mwinue mgonjwa akae nusu-wima, mwegemeze kwenye mito, fungua dirisha, shika feni umbali wa shubiri moja hivi kutoka usoni, na umwache aisogeze mwenyewe kama mkono bado una nguvu. Kuisogeza mwenyewe kuna maana yake: kwa mara ya kwanza tangu jana kuna kitu anachokiamua.

"Asipokula atakufa kwa njaa, mtundikieni dripu"

Hapa naelewa kabisa uchungu wa familia. Kumlisha mtu ndiyo lugha ya kwanza ya upendo, na kijiko kinachorudi kimejaa huvunja moyo. Lakini mwili unaofunga kazi zake hauhitaji chakula kama zamani. Mtu haachi kuishi kwa sababu ameacha kula, ameacha kula kwa sababu ugonjwa umefika mwisho wake. Jaribio la mwaka 2013 liliwapa wagonjwa 129 wa saratani, kila siku, ama lita moja ya maji ya chumvi ama mililita 100 tu. Hakukuwa na tofauti ya dalili, ya ubora wa maisha, wala ya siku walizoishi. Kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau uliofika mbali, uchambuzi mkubwa wa Marekani wa mwaka 2012 haukukuta kwamba mpira wa kulishia tumboni huwaongezea maisha.

Kinachomtesa kweli ni ukavu wa mdomo. Kitambaa laini kilicholowanishwa, mafuta kidogo kwenye midomo, tone la kinywaji alichokipenda, kila baada ya muda mfupi. Hiyo ni kazi ya mikono ya watoto na ndugu, na haina haja ya kusubiri daktari.

"Msimwambie, ni uchuro"

Uchunguzi wa mwaka 2008 wa wagonjwa 332 wa saratani uliwalinganisha waliozungumza na daktari juu ya wanavyotaka kumalizia maisha yao na ambao hawakuzungumza. Waliozungumza hawakuwa na sonona zaidi. Walipata matibabu makali machache zaidi, na wiki yao ya mwisho ilikuwa bora. Huko Melbourne, jaribio la mwaka 2010 la wazee 309 wa miaka 80 na zaidi lilionyesha kwamba mazungumzo hayo yakifanywa vizuri, familia hubaki na msongo na huzuni kidogo zaidi baada ya msiba. Lakini jaribio la nchi sita za Ulaya, la wagonjwa zaidi ya 1,100, lililochapishwa mwaka 2020, halikukuta kwamba mpango rasmi wa mazungumzo huboresha maisha ya mgonjwa. Nadhani fomu peke yake haisikilizi mtu. Na asiyetaka kujua, asilazimishwe. Aulizwe tu nani amsemee.

"Anaweweseka, mchomeni dawa alale"

Mtu aliyekuwa na akili timamu anaanza kuvuta shuka, kumwita mama yake aliyefariki zamani, kutaka kushuka kitandani usiku. Kwa mazoea alipewa haloperidoli, dawa ya kutuliza akili. Mwaka 2017 jaribio la Australia la wagonjwa 247 wenye kuweweseka kusikotisha sana lilikuta waliopewa haloperidoli au mwenzake, risperidoni, wana dalili mbaya zaidi kuliko waliopewa kitu kisicho na dawa. Waliopewa haloperidoli pia waliishi muda mfupi zaidi. Dawa bado zina nafasi yake pale mgonjwa anapohangaika kiasi cha kujiumiza. Kabla ya hapo, tazameni kama mkojo umeziba, kama choo kimefunga, kama kuna dawa mpya iliyoanza jana. Rudisheni miwani yake. Mwacheni amwone mtu anayemjua.

Na akiisha kunyamaza kabisa, bado semeni naye. Mwaka 2020 watafiti wa Vancouver walipima umeme wa ubongo wa wagonjwa wachache wa hospisi wasioitika tena. Ubongo wa baadhi yao uliitikia sauti karibu kama wa vijana wenye afya, hata saa chache kabla ya kufa. Kama walielewa maneno, kipimo hakiwezi kusema.

Kisha huja mkoromo, ile sauti ya majimaji kooni ambayo familia huikumbuka miaka kumi baadaye. "Anasongwa!" Kwa kadiri inavyoweza kujulikana, mgonjwa aliyepoteza fahamu kiasi hicho hataabiki nao, ni mate asiyoweza kumeza tena. Mlaze kwa ubavu, sauti mara nyingi hupungua. Dawa za kukausha mate zikitolewa baada ya mkoromo kuanza zimekuwa zikishindwa: matone ya atropini yaliyojaribiwa na kuchapishwa mwaka 2013 hayakuyashinda matone yasiyo na dawa. Uholanzi walijaribu kinyume chake, na matokeo yakatoka mwaka 2021. Wagonjwa 157 wa hospisi walichomwa ama skopolamini, dawa nyingine ya kukausha mate, ama maji ya chumvi mara tu dalili za sakarati zilipotambuliwa, koo likiwa bado kimya. Mkoromo uliwapata 27% ya waliochomwa maji, na 13% ya waliochomwa dawa. Ilifanya kazi kwa sababu haikusubiri.