Je, wajua kwa nini Marekani mtoto anaweza kuwa na bima ya serikali halafu mama yake hana?

Chukua mama mmoja pale Texas, analea watoto wawili peke yake, anafanya kazi mkahawani, kwa mwezi anaingiza kama dola 2,000 hivi. Watoto wakiumwa anawapeleka kwa daktari, bima ya serikali inalipa. Siku akiumwa yeye, hana kitu. Nyumba moja, mshahara mmoja, afu watoto wana kadi na mama hana. Ukisikia mara ya kwanza unadhani karani kakosea mahali, kumbe ndo sheria yenyewe ilivyo.

Ukitaka kuelewa rudi 1965, rais Lyndon Johnson anasaini sheria ya Medicaid, bima ya serikali kwa watu wa kipato cha chini. Ila haikuwa ya kila maskini, ilifungwa pamoja na posho ya ustawi wa jamii, yaani kwa sehemu kubwa kama familia yenu haistahili ile posho basi na bima msahau. Miaka ya 80 Kongresi ikaanza kuilegeza hiyo kamba, lakini ikaanza na wajawazito na watoto, wazazi wakabaki palepale na kiwango chao kila jimbo likajipangia lenyewe. Na majimbo mengine yalipanga kwa mkono wa birika kweli kweli. Texas mpaka leo mzazi mwenye watoto wawili akiingiza hata dola 500 kwa mwezi keshaonekana ana uwezo, Medicaid hapati, wakati watoto wake familia ingeingiza hata dola 4,000 bado wanapata bima ya serikali.

Hapo kwenye dola 4,000 ndo panaingia CHIP, bima ya serikali ya watoto ambao familia zao zimezidi kiwango cha Medicaid. Maana tatizo halikuwa maskini wa mwisho tu, kulikuwa na familia za katikati, mzazi ana kazi, mshahara umezidi kiwango cha Medicaid, mwajiri hatoi bima na ya kununua mwenyewe haishikiki bei. Katikati ya miaka ya 90 watoto karibu milioni 10 hawakuwa na bima. Rais Bill Clinton alijaribu kuleta bima ya watu wote, ikafia bungeni 1994. Sasa mwaka 1997 maseneta wawili wasiofanana hata kidogo, Ted Kennedy wa Massachusetts, Democratic, na Orrin Hatch wa Utah, Republican, wakakaa chini wakasema basi tuanze na watoto, na hela itoke kwenye kodi ya sigara. Ikapita, Clinton akasaini Agosti mwaka huohuo.

Kwa nini watoto ilikubalika na wazazi ikagoma? Mimi naona ni mambo mawili. Mtu mzima akikosa bima kuna wanasiasa watasema si akatafute kazi nzuri zaidi, lakini mtoto wa miaka minne mwenye pumu utamwambia akatafute kazi gani? La pili ni hesabu tu, watoto ni rahisi kuwatibu. Wengi wanahitaji chanjo, meno, miwani, dawa za masikio. Kwenye Medicaid watoto ni karibu wanne kati ya kila wanachama kumi lakini matumizi yao hayafiki hata robo ya gharama yote.

Na kuyavuta majimbo yakubali, serikali kuu inabeba sehemu kubwa zaidi ya gharama za CHIP kuliko za Medicaid, si chini ya asilimia 65. Familia inaweza kudaiwa mchango kidogo, ila kwa mwaka jumla haitakiwi kuzidi asilimia 5 ya kipato chao.

Ubaya wa CHIP ni kwamba hela yake inatengwa kwa muda, sio kama Medicaid ambayo inaendelea yenyewe. Septemba 30, 2017 muda uliisha na Kongresi ikawa bado inavutana, ikaenda mpaka Januari 2018 ndo wakarefusha, katikati hapo baadhi ya majimbo yalishaanza kuwaandikia wazazi barua za tahadhari. Hebu fikiria mwanao yuko kwenye dozi afu unapokea barua kama hiyo.

Sheria ya Obama ya 2010 ilitaka kumaliza hili la wazazi, Medicaid ipanuliwe ifike kwa watu wazima wote wa kipato cha chini, lakini 2012 Mahakama ya Juu ikasema majimbo yasilazimishwe. Texas ni kati ya yaliyokataa. Ndo maana yule mama hana, na watoto wake pia muda wao unahesabika, kwa sababu bima ya watoto inaishia miaka 19. Kijana wa hapo Texas asiye na mtoto wala ulemavu, na kipato chake kidogo, akifika umri huo anatolewa kwenye orodha na Medicaid ya watu wazima haimpokei, anajiunga na mama yake kwenye kukosa kadi.