Je, wajua kwa nini VVU hupimwa mara tatu kabla hujaambiwa unavyo?

Ukipima VVU kwa kipimo cha haraka na mstari ukajitokeza mmoja tu, unaambiwa huna, unakwenda zako. Ikijitokeza miwili, mpimaji hasemi kitu bado. Anafungua kipimo cha aina nyingine, na kwa utaratibu unaopendekezwa sasa, nacho kikikubali, anafungua cha tatu. Kwa nini "huna" litoshe kwa kipimo kimoja, na "unavyo" lidai vitatu?

Miaka mingi nilidhani najua: vitendanishi, yaani vifaa vyenyewe vya kupimia, ni vya bei rahisi, kwa hiyo wanajihami kwa kurudia. Nilimweleza hivyo hata mdogo wangu, kwa uhakika wa mtu aliyesoma. Nilikuwa nimemdanganya.

Vitendanishi si vibovu. Ili kipimo cha haraka kikubaliwe na Shirika la Afya Duniani, lazima kiwakamate angalau watu 99 katika kila 100 wenye virusi, na kiwaachie angalau 98 katika kila 100 wasio navyo. Hapo ndipo nilipojikwaa. Niliposikia 98, nilielewa kwamba watu 100 wakikutwa na mistari miwili, 98 wanavyo kweli. Sivyo kabisa. Hiyo 98 ilipatikana kwa kuwapima watu ambao tayari ilijulikana hawana virusi. Mtu aliyekaa kwenye benchi na mistari miwili mbele yake hajulikani yumo kundi gani, na swali lake ni jingine. Kiwanda kinajibu, "Kama huna, kipimo kitakuachia?" Yeye anauliza, "Kimeshanikamata, je, ninavyo?" Jibu la swali lake halimo ndani ya kitendanishi peke yake. Nusu yake imo kwenye foleni aliyotoka.

Mfikirie bibi anayechambua mchele kwenye ungo. Jicho lake ni kali, kijiwe hakimpiti. Ila katika kila punje 100 kuna mbili zilizofubaa, anazidhania vijiwe na kuzitupa. Mpe mchele mchafu: ukipekua alivyotupa, vingi ni vijiwe kweli. Sasa mpe mchele safi, ule wa kupikia wageni. Atatupa punje zake mbili katika mia kama kawaida, lakini vijiwe vyenyewe karibu havipo, kwa hiyo alichotupa ni mchele mtupu na kuku wa uani watashukuru. Jicho ni lilelile.

Kwa hesabu: chukua watu 1,000, na 100 kati yao wana virusi. Kipimo cha kwanza kitakamata 99 kwa haki, na 18 kwa makosa. Si mbaya. Chukua wengine 1,000 ambao wenye virusi ni 10 tu. Kitawakamata wote 10, au karibu wote, na pamoja nao watu 20 wasio na chochote. Kipimo ni kilekile, lakini sasa wawili katika kila watatu waliokamatwa wamesingiziwa.

Ndiyo maana zamani, penye maambukizi ya asilimia 5 au zaidi, vipimo viwili vilitosha. Mwaka 2019 Shirika hilo lilipendekeza vitatu kila mahali. Vitendanishi havikuwa vimeharibika. Watu wengi wenye VVU walikuwa wameshajijua na kuanza dawa, hivyo hawako tena kwenye foleni ya kupima. Mchele umesafishwa. Nakiri napenda kioja hiki: kadiri kazi ya kupima inavyofanikiwa, ndivyo mistari miwili ya kwanza inavyopungua uzito.

Kipimo cha pili kinawapunguza wale 20 waliosingiziwa hadi chini ya mmoja, na cha tatu kinakaribia kummaliza huyo. Lakini hesabu hii ina sharti: vipimo visikosee pamoja. Ukimpa ungo mtoto aliyefundishwa kuchambua na bibi huyohuyo, atatupa punje zilezile. Kwa hiyo vitendanishi huchaguliwa vyenye malighafi tofauti za kunasa kingamwili, yaani kinga ambayo mwili hutengeneza dhidi ya virusi. Hata hivyo, damu ya mtu mmoja inaweza kuhadaa zaidi ya kimoja, na ushirikiano huo wa makosa ni mgumu kuukadiria kuliko nilivyoandika hapa.

Na "huna"? Katika ule mfano wa watu 10 wenye virusi, wapatao 970 wataambiwa hawana, na kwa kila mmoja wao nafasi ya kwamba amekosewa ni ndogo mno. Isipokuwa kwa aliyeambukizwa juzi. Vipimo hivi hutafuta kingamwili, na mwili huchukua wiki kadhaa kuzitengeneza, kwa hiyo kwake hata vipimo kumi vingeonyesha mstari mmoja. Huyo huambiwa arudi.